Nani Alilipwa? Historia ya Neno “Ukombozi” katika Maandishi ya Kikristo ya Pwani ya Kenya

Tarehe 1 Januari 1889, katika kituo cha misheni cha Rabai, bara kidogo kutoka Mombasa, George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwagawia watoro hati za uhuru. Watoro hao, waliopata 1,400 hivi, walikuwa wametoka katika mashamba ya mwambao, wakaja kuishi chini ya himaya ya wamisionari wa CMS na wenzao Wamethodisti. Wenye watumwa walidai mali yao. Walitishia kuivamia misheni, na wamisionari wenyewe hawakuwa na jibu la kisheria, kwa sababu sheria ya Sultani wa Unguja, ambaye mwambao ulikuwa chini yake, bado ilimtambua mtumwa kuwa mali. Mackenzie alilimaliza shauri kwa fedha. Ilikubaliwa kwamba kila mwenye mtumwa alipwe dola 25 kwa kichwa, na mtoro apewe karatasi ya kuthibitisha kwamba hadaiwi tena na mtu yeyote.

Vitabu vya historia hulieleza tukio hili kwa upande wa siasa: kampuni changa ilitaka amani na matajiri wa pwani kabla ya kuelekea bara. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, tukio lenyewe lina upande mwingine ambao wahakiki wa fasihi hawajaupa uzito unaostahili, nao ni upande wa lugha. Tendo la kumlipia mtu aliyeshikwa ili aachiliwe lilikuwa na jina lake katika Kiswahili tangu kabla ya kuja kwa misheni. Liliitwa kukomboa. Na neno hilo hilo ndilo watafsiri wa Biblia walilolichagua ili kueleza kazi ya Kristo msalabani. Kwa hiyo Mkristo wa Rabai, tofauti na Mkristo wa Ulaya wa wakati huo, alikuwa akisikia kanisani neno ambalo maana yake ya sokoni ilikuwa bado hai, tena ilikuwa imetendeka juu ya mwili wake mwenyewe.

Makala haya yanachunguza jinsi hali hiyo ilivyoathiri namna ambavyo imani ya Kikristo juu ya msamaha na wokovu ilisemwa, na baadaye ikaandikwa, katika Kiswahili. Dai la msingi ni kwamba Kiswahili kiliipokea imani hiyo kwa misamiati miwili isiyotokana na chimbuko moja, na kwamba misamiati hiyo haikuwahi kupatana kikamilifu. Mmoja husema kwamba Mungu husamehe. Mwingine husema kwamba Mungu amelipa.

Msamiati wa kwanza ulikuwa tayari mjini. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Msaada huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mgeni aliyetafuta neno la kumwelezea Mungu anayeghadhibika na kurehemu aliketi mbele ya mwanachuoni ambaye dini yake ilikuwa imelizungumza jambo hilo kwa lugha ya pwani kwa karne kadhaa. Dhambi, toba, rehema, neema, imani, samehe: yote haya ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwa yamekwisha kukolezwa katika mawaidha na katika tenzi. Mkristo hakuyabuni. Aliyakuta yakitumika, yakiwa na uzito wake na mipaka yake.

Mipaka hiyo haiwezi kupuuzwa. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anaukabili moyo wake mwenyewe. Anauonyesha magofu ya Pate, majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo na wadudu, kisha anaupeleka kwenye milango ya moto. Kinachotakiwa na utenzi huo ni moyo kuzinduka na kurejea kwa Mola wake. Hakuna wa tatu kati ya moyo na Mola. Hakuna anayelipa kwa niaba ya mwingine, kwa kuwa mafundisho ya Kiislamu hayakubali kwamba nafsi moja huubeba mzigo wa nafsi nyingine. Toba katika muktadha huu ni safari ya mtu mmoja, na msamaha ni hiari ya Mwenyezi Mungu ambayo haina bei. Ni kinaya cha kihistoria kwamba tafsiri ya Kiingereza ya utenzi huo iliyochapishwa mwaka 1915 pamoja na sarufi ya Stigand ilikuwa kazi ya W. E. Taylor, mmisionari wa CMS, ambaye kwa miaka mingi alijadiliana na Waislamu wa Mombasa hadharani juu ya suala hilo hilo.

Msamiati wa pili ulikuwa wa Kibantu kwa sehemu kubwa, na haukutoka msikitini. Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini: majini, motoni, mikononi mwa adui. Kukomboa ni kukirudisha kwa malipo kilichoshikwa na mwingine, kama vile kitu kilichowekwa rehani au mtu aliyetekwa. Maneno mawili ya msamiati huu, fidia na deni, ni ya Kiarabu, lakini nayo ni ya mahakama na biashara zaidi kuliko ya ibada. Ikumbukwe kwamba katikati ya miaka ya 1880 wakazi wa nyuma ya Mombasa, waliojulikana wakati huo kama Wanyika na ambao leo ni Wamijikenda, walipigwa na njaa waliyoiita Mwakisenge. Familia ziliwaweka watoto na jamaa zao rehani pwani ili zipate nafaka. Wengine walikombolewa baada ya mavuno. Wengine hawakukombolewa, wakaingia utumwani. Katika mazingira hayo “mkombozi” si sitiari. Ni mjomba anayekuja na mahindi mabegani, au asiyekuja.

Hapa ndipo swali la kale la theolojia linapopata sura mpya. Ikiwa Kristo alitoa uhai wake uwe fidia, fidia hiyo ililipwa kwa nani? Origen katika karne ya 3 alielekea kusema kwamba ililipwa kwa Shetani, aliyekuwa amewashika wanadamu. Gregory wa Nyssa aliendelea na fikira hiyo kwa kumfananisha Shetani na samaki aliyenaswa kwa chambo. Rafiki yake, Gregory wa Nazianzus, aliikataa: aliona ni fedheha kwamba mnyang’anyi alipwe, tena kwa bei kama hiyo, na hakuona pia kwa nini Baba amdai Mwana damu. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, aligeuza mambo kwa kudai kwamba aliyekuwa akidai ni heshima ya Mungu mwenyewe, si Shetani. Ulaya ya karne ya 19 iliyowatuma wamisionari ilikuwa imelizoea jibu la Anselm kiasi kwamba swali lenyewe lilikuwa limekwisha kusahauliwa.

Rabai lilikuwa halijasahauliwa. Pale, aliyelipwa alijulikana kwa jina na kwa mtaa. Alikuwa mwenye mtumwa. Na malipo hayo yalikuwa na tokeo lisilopendeza ambalo Gregory wa Nazianzus angelitambua mara moja: kumlipa mwenye mtumwa ni kukiri kwamba dai lake lilikuwa halali. Watoro wengi walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao. Walikuwa wamelima, wamejenga na wengine wamebatizwa, chini ya uangalizi wa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akalelewa na misheni India, kisha akarudi kuwa kiongozi wa Rabai. Hati za mwaka 1889 ziliwapa uhuru ambao kwa maoni yao walikuwa nao tayari. Kwa kuwapa, zikathibitisha kwamba hadi siku hiyo walikuwa mali ya watu. Mantiki hiyo hiyo ilirudiwa mwaka 1907, serikali ya kikoloni ilipoufuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya. Fidia ilitengwa kwa wenye watumwa. Mtumwa hakufidiwa kitu.

Kuna deni jingine lililozaliwa na malipo hayo, nalo ndilo linalotuingiza katika fasihi. Katika sheria ya Kiislamu mtumwa aliyeachwa huru hubaki na uhusiano na aliyemwacha huru. Humhesabu kuwa mlezi wake, na mlezi ana haki fulani hata katika mirathi yake. Mila za pwani zilikuwa zimeujenga uhusiano huo katika maisha ya kila siku. Freretown, kijiji kilichoanzishwa na CMS ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliotolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza, hakikuepukana na desturi hiyo. Kilibadilisha mlezi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu wakazi kupigwa viboko yalifika hadi kwa wakubwa wa misheni London, na msimamizi akaondolewa. Mtu aliyekombolewa alikuwa na bwana mpya, mwema au mkali, na shukrani ikawa ndiyo kodi yake.

James Juma Mbotela alizaliwa katika kijiji hicho, mtoto wa familia ya watumwa walioachwa huru. Kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934, kikasomwa shuleni kwa miaka mingi. Baadhi ya wahakiki wamekiita riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Wengine wamekikatalia jina hilo kwa kuwa ni historia iliyosimuliwa kwa ufundi wa hadithi. Ubishi huo wa utanzu umechukua nafasi kubwa kupita kiasi. Jambo jingine ambalo limesemwa mara nyingi, nalo ni kweli, ni kwamba kitabu kinamsifu Mwingereza bila kipimo. Lakini wanaokilaumu kwa hilo peke yake huona kasumba ya kikoloni na kuishia hapo. Hawajiulizi sifa hizo zimepata wapi muundo wake.

Muundo wake ni wa mahubiri ya wokovu. Kuna nchi ya asili yenye amani, kisha kutekwa, kisha mwendo mrefu wa minyororo, kisha bahari, na baharini anatokea mwokozi asiyetarajiwa. Baada ya hapo kuna nchi mpya, jina jipya na wimbo wa shukrani. Msomaji aliyelelewa katika Kutoka na Zaburi, kama alivyolelewa Mbotela, hakuhitaji kuambiwa kwamba manowari imesimama mahali pa mkono wa Mungu. Hapa ndipo kitabu kinapostahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu masimulizi ya aina hii yana nafasi ya mateka na nafasi ya mwokozi, lakini hayana nafasi ya mwenye dhambi. Mtumwa hakutenda kosa lolote. Hana cha kutubu. Mwenye mtumwa ametenda, lakini katika mpangilio huu yeye ni adui wa kushindwa, si mtu wa kusamehewa. Ukombozi umetimia bila msamaha kutajwa. Imani ya Kikristo inayofundishwa katika katekisimu huanza na dhambi ya anayeokolewa. Masimulizi ya Mbotela huanza na dhambi aliyotendewa anayeokolewa. Tofauti hiyo si ndogo, na haielekei kwamba mwandishi aliikusudia. Historia ya watu wake ndiyo iliyoilazimisha.

Neno lililowekwa katika jina la kitabu linaitia nguvu hoja hii. Uhuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni hali ya mtu asiye mtumwa. Mbotela angeweza kuandika ukombozi au wokovu. Alichagua neno la hadhi ya kijamii, na miaka 29 baadaye, Desemba 1963, taifa zima lililichukua neno hilo.

Wakati Mbotela akiandika, msamiati wenyewe ulikuwa vitani. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, iliyoanzwa na Askofu Edward Steere, ilikuwa imetoka mwaka 1891, na ile ya Kimvita mwaka 1914. Kisha akaja Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani aliyeamini kwamba Kiswahili cha Kikristo kimejaa Uislamu kupita kiasi na kwamba Mwafrika wa bara anastahili maneno ya Kibantu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Katika tafsiri hiyo dhambi inakuwa makosa, na kusamehe kunakuwa kuondolea.

Ni rahisi kuyacheka mabadiliko hayo, na waliyacheka wengi. Lakini Roehl hakuwa mjinga wa Kiyunani. Neno la Agano Jipya linalotafsiriwa dhambi lina maana ya asili ya kuikosa shabaha, na hiyo ndiyo maana ya kukosa katika Kiswahili. Neno linalotafsiriwa kusamehe lina maana ya kuachilia, kuondosha. Kwa hiyo kuondolea hakukuwa mbali hata kidogo. Kwa kipimo cha kamusi Roehl alishinda. Alishindwa kwa kipimo cha msikilizaji. Kosa katika Kiswahili ni jambo la kuomba radhi, kama kumkanyaga mtu mguu. Dhambi humfanya mtu alale macho wazi usiku. Uzito huo haukutokana na sauti ya neno, bali ulitokana na karne za mawaidha ya Kiislamu, na Mkristo aliurithi bila kuulipia. Kulitoa neno ili kuutoa Uislamu kulikuwa kuutoa pia woga na haya ambavyo bila hivyo msamaha hauna maana.

Tafsiri ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ilirudisha dhambi. Lakini haikumtupa Roehl moja kwa moja. Inalo pia neno ondoleo, likiunganishwa na dhambi: nomino ya Kibantu na nomino ya Kiarabu zimefungwa kwa kiunganishi kimoja. Na katika sala ya Bwana kwa Mathayo inalo deni. Msomaji wa Kiswahili amebaki na picha tatu zinazokaa pamoja bila kuamuliwa: uchafu unaoondolewa, kosa linalosamehewa, deni lililolipwa. Ya kwanza haikuwa ngeni kwa Wamijikenda, waliokuwa na vuo, maji ya dawa ya kutakasia walionajisika. Lakini ya pili na ya tatu zinapingana. Deni lililolipwa halisamehewi, na deni lililosamehewa halikulipwa. Wanatheolojia wana majibu ya tatizo hilo. Lugha haina, inayabeba yote mawili.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliingia katika mvutano huo kutoka upande usiotarajiwa. Chanzo chake hutajwa kuwa mkutano wa Dkt. Joe Church na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929; ulishika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 ujumbe wake ukafika Kabete. Waamshwa hawakuzungumzia ukombozi kama jambo lililokwisha kufanywa na manowari. Walimtaka kila mtu asimame mbele ya wenzake na kutaja alichoiba, aliyemdanganya, aliyemchukia. Mwenye dhambi, asiyekuwa na nafasi kwa Mbotela, alirudishwa katikati ya mkutano.

Uamsho huo ulikipa Kiswahili cha Kenya kitenzi chake kikuu: kuokoka. Sarufi yake inafaa kuangaliwa. Kitenzi okoa kina kauli mbili za kumweleza anayenusurika. Kuokolewa, kwa kauli ya kutendwa, hudai mtenda hata asipotajwa; msikilizaji huuliza, na nani? Kuokoka, kwa kauli ya kutendeka, hueleza hali iliyofikiwa, na swali hilo halizuki. Mtu huokoka katika ajali kama anavyookoka katika dhambi. Waamshwa, ambao hakuna waliomtaja Kristo kuliko wao, walichagua kujieleza kwa kauli ambayo kisarufi humwacha Kristo nje ya sentensi. Nimeokoka ni ushahidi juu ya nafsi inayosema. Hauna mlipaji, hauna aliyelipwa, na kwa hiyo hauna deni la shukrani kwa mlezi yeyote wa duniani. Si ajabu kwamba kauli hiyo iliwapendeza Wakristo wa bara katika miaka ambayo misheni ilikuwa bado ikidai utii wa watoto wake. Wala si ajabu kwamba waliookoka waliweza kusema hapana kwa mmisionari, na katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wakasema hapana kwa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa kwa sababu hiyo.

Ngũgĩ wa Thiong’o aliyajua mambo hayo kwa karibu. Katika A Grain of Wheat, riwaya aliyoichapisha mwaka 1967, anaichukua ibada ya waamshwa na kuihamishia uwanjani siku ya sherehe za uhuru. Mugo, ambaye kijiji kinamheshimu kama shujaa, anasimama mbele ya umati na kukiri kwamba ni yeye aliyemsaliti Kihika. Kila kitu cha ungamo kipo: jukwaa, mashahidi, dhambi inayotajwa kwa jina. Kinachokosekana ni sauti ya kusamehe. Umati unanyamaza na kutawanyika, na wanaomfuata Mugo nyumbani kwake wanakuja kama mahakimu. Wengine wanamsifu baadaye kwa ujasiri wake, lakini sifa si msamaha. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka Tanzania mwaka 1971, mambo yanapelekwa hadi mbele ya kiti cha Mungu mwenyewe, na huko nako binti na baba yake wanashtakiana.

Waandishi hao wawili, mmoja aliyetoka katika mazingira ya Kiprotestanti na mwingine katika seminari ya Kikatoliki, wanakutana mahali ambapo Mbotela hakufika. Mbotela alikuwa na mkombozi lakini hakuwa na mwenye dhambi. Ngũgĩ ana mwenye dhambi anayetubu kwa kinywa chake, katika nchi iliyokwisha kukombolewa asubuhi ile ile, na haonyeshi ni nani katika nchi hiyo mwenye mamlaka ya kumwondolea. Bendera imepandishwa, mlezi wa zamani ameondoka, hati za uhuru zimetolewa. Kihika, ambaye peke yake angeweza kumsamehe Mugo, amekwisha kunyongwa.